Kukiuka si Kuteleza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Frida alikuwa na kazi tatu: kuchota maji kisimani, kumnawisha mdogo wake Abeli, na kumshika ndama wakati baba yake akikamua. Kazi aliyoipenda ni hiyo ya tatu. Alisimama zizini, mkono wake shingoni mwa ndama, akasikiliza maziwa yakichuruzika kwenye kibuyu, huku baba yake, Mazengo, akimuuliza habari za shule bila kugeuza kichwa.

Mwaka ule maziwa yalikuwa machache. Mvua za msimu uliopita zilikatika mapema, uwele ukaungua shambani kabla haujabeba, na katika kijiji chao cha Ilolela, nje kidogo ya Mpwapwa, nyumba nyingi zilikuwa zikila mlo mmoja kwa siku. Ng'ombe walikwangua ardhi kwa midomo wakitafuta mizizi ya majani. Mwishoni mwa Novemba ikanyesha mvua kubwa ya kwanza, nyasi zikaanza kuchungulia, na watu wakasema sasa tumevuka.

Halafu ng'ombe wakaanza kufa.

Walikufa ghafla, watatu ndani ya wiki moja, katika kitongoji cha jirani. Bwana mifugo wa kata, Khamisi, alikuja na pikipiki yake, akaomba mkutano mbele ya ofisi ya kijiji, akasema bila kuzungusha maneno. Ugonjwa ule ulikuwa kimeta.

"Ng'ombe, mbuzi au kondoo akifa ghafla, asichunwe, asipasuliwe, asiburutwe, na asiliwe hata kipande," alisema. "Nipigieni simu. Tutamteketeza na kumfukia palepale. Ugonjwa huu hauishii kwa mifugo. Unaua watu. Chanjo ya mifugo inakuja, lakini mpaka ifike, hiyo ndiyo amri."

Mtendaji wa kijiji akauliza nani anaikubali amri ile. Frida, aliyekuwa ameketi chini na watoto wenzake, aligeuka kutazama. Mkono wa baba yake ulikuwa juu pamoja na mikono ya wengine.

Siku nne baadaye, Jumatatu, Frida alifika zizini akamkuta Madoa, ng'ombe wao pekee aliyekuwa akitoa maziwa, amelala ubavu. Tumbo lilikuwa limevimba. Damu nyeusi ilikuwa ikimtoka puani, nyepesi, haigandi. Ndama alikuwa amepiga magoti, ananyonya kiwele cha mama yake aliyekufa.

"Baba!" Frida aliita. "Baba, njoo!"

Mazengo alikuja mbio, na nyuma yake akaja mdogo wake, Elisha. Huyu alikuwa kibarua wa ujenzi kwenye mji wa Serikali kule Mtumba, Dodoma, na alipanga chumba Ipagala pamoja na vijana wenzake wawili. Alikuwa amekuja siku chache tu kumsaidia kaka yake kupanda. Frida alimpenda sana baba yake mdogo, kwa sababu alikuwa mtu wa mizaha na hakuwahi kumfokea mtoto.

Asubuhi ile hakutania. Alimzunguka ng'ombe, akamwinua mguu mmoja, ukaanguka ukiwa bado mlegevu.

"Kaka," alisema, "ukimpigia Khamisi sasa hivi, saa nne huyu atakuwa majivu. Watoto wako mara ya mwisho wamekula nyama lini?"

Mazengo alitoa simu mfukoni, akaitazama kwa muda mrefu, akairudisha.

"Bwana mifugo alisema asichunwe," Frida alisema.

"Alisema mgonjwa asichunwe," baba yake alisema. "Nani amesema huyu ni mgonjwa? Jana jioni alikuwa mzima. Huenda ameumwa na nyoka."

"Lakini baba, hiyo si ni kuvunja amri ya kijiji?"

"Hatuvunji chochote, Frida. Tunafumba jicho moja, siku moja tu. Unadhani wale wa kitongoji cha jirani walifukia ng'ombe wote watatu?" Akainama, uso wake ukawa karibu na uso wa mtoto. "Nawe hukuona kitu. Ukiulizwa, Madoa tumempeleka kwa babu yako, Kongwa. Umenisikia?"

Frida alimtazama baba yake mdogo, akitumaini atacheka na kusema ulikuwa mzaha. Elisha alikuwa ameshaanza kunoa kisu.

"Nimekusikia, baba."

Kipindi cha kwanza siku ile kilikuwa Kiswahili. Mwalimu Mwanahawa, aliyekuwa amehamia kutoka Tanga mwaka uliotangulia, aliandika ubaoni neno moja kwa herufi kubwa: KIUKA.

"Darasa la Sita, nipeni visawe vyake."

Mikono ikanyanyuka. Anitha, aliyekaa dawati moja na Frida, alisema kuvunja. Mwingine akasema kuhalifu, na Mwalimu akaeleza kwamba hapo ndipo tunapompata mhalifu. Yakatajwa pia kukaidi na kuasi, na Mwalimu akawapa tofauti zake: anayekaidi ameambiwa akakataa kusikia, anayeasi amemgeuka yule aliyepaswa kumtii. Nyuma kabisa Fredy akapaza sauti:

"Kuteleza, Mwalimu!"

Darasa zima likacheka.

"Kweli, Mwalimu! Mjomba wangu alipokamatwa anaendesha pikipiki bila leseni, alimwambia askari, samahani afande, nimeteleza."

Mwalimu Mwanahawa hakucheka. Aliweka chaki mezani.

"Fredy amegusa jambo kubwa kuliko anavyojua," alisema. "Kuteleza si kisawe cha kukiuka. Aliyeteleza hakukusudia, mguu umemtoka. Aliyekiuka aliuona mpaka, akainua mguu, akaupita. Lakini sikilizeni watu wanavyosema kila siku. Mtu amevunja sheria, anasema nimeteleza. Mwingine anasema nilipitiwa. Mwingine, shetani alinipitia. Mwingine, tumepindisha kidogo, tumefumba jicho. Maneno hayo hayakutungwa kueleza kosa. Yametungwa kulifunika."

Frida alihisi masikio yake yakiwaka moto.

"Frida, simama. Tupe sentensi yenye neno kiuka."

Alisimama. Sentensi alikuwa nayo. Ilikuwa imejipanga kichwani mwake tangu alipoingia darasani, fupi, haina kosa la sarufi hata moja. Akafungua mdomo.

"Dereva wa basi alikiuka sheria za barabarani."

"Sahihi. Kaa."

Alikaa. Mwalimu akawapa kazi ya nyumbani: sentensi tatu juu ya mambo waliyoyaona kwa macho yao wenyewe.

Alipofika nyumbani mchana, harufu ya nyama ilimpokea akiwa bado njiani. Mate yakamjaa mdomoni kabla hajaweza kuyazuia. Ngozi ya Madoa ilikuwa imeanikwa nyuma ya nyumba mahali ambapo mpita njia asingeiona. Elisha alikuwa amechuchumaa penye makaa, anachoma vipande vya ini. Hakuvisubiri viive. Alivitoa vikiwa bado vyekundu ndani, akala, na kila alipokula alimkatia Abeli kipande. Abeli alikuwa na miaka mitano. Mashavu yake yalikuwa yaking'aa kwa mafuta, na alikuwa na furaha ambayo Frida hakuwa ameiona kwake tangu mavuno yaliyokufa.

"Dada, njoo ule!"

Mama yao alikuwa jikoni, anatokosa chungu kikubwa. Alimpakulia Frida bila kumtazama usoni.

"Kula, mwanangu."

Frida alikula. Nyama ilikuwa tamu, akaongeza, na akalamba vidole.

Jioni alifungua daftari. Aliandika tarehe, akaandika kichwa cha habari, akapiga mstari chini yake kwa rula. Hakuandika kitu kingine. Kesho yake Mwalimu Mwanahawa alipopita kwenye madawati, alisimama mbele ya ukurasa ule mtupu.

"Kazi yako iko wapi?"

"Nilipitiwa, Mwalimu."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Mwalimu alimkazia macho kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza jambo, kisha mtoto wa mbele akamwita, akaenda.

Siku hiyohiyo ya Jumanne Elisha alirudi Ipagala. Alifunga nyama iliyobanikwa kwenye mfuko, zawadi kwa wenzake wa chumbani, akapanda bodaboda ya kumpeleka stendi ya Mpwapwa. Alimpungia Frida mkono mpaka alipopotea kwenye kona.

Jumatano jioni Abeli alikataa chakula. Alisema tumbo linamkata. Alhamisi alfajiri mwili wake ulikuwa wa moto, akaanza kutapika, na mara ya tatu matapishi yalikuwa na michirizi ya damu. Mama alimfunga mgongoni, Frida akabeba khanga na chupa ya maji, na Mazengo akatangulia mbele. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuingiza katika mfuko wa koti. Juzi yake kilikuwa kimetokea kipele kidogo kidoleni, pale mwiba ulipomchoma wiki iliyopita. Sasa hakikuwa kipele tena.

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja. Waliyemkuta zamu ni Gladness, mwanamke wa makamo ambaye kijiji chote kilimwita daktari. Alimpima Abeli malaria, akasubiri, akasoma kipimo.

"Malaria hana," alisema. Alimbonyeza mtoto tumboni, na Abeli akalia sauti nyembamba isiyo na nguvu. "Nyumbani kwenu kuna mnyama amekufa siku hizi?"

"Hakuna, daktari," Mazengo alisema.

"Mmekula nyama yoyote?"

"Nyama tutaitoa wapi mwaka huu?"

Gladness alimgeukia mama. Mama alikuwa akitazama sakafu.

"Mnisikilize," daktari alisema. Hakupandisha sauti. "Sikuulizi ili nikupeleke kwa mtendaji, baba. Nakuuliza kwa sababu sijui namtibu nini. Ugonjwa huu una dawa yake na ule una ya kwake. Nikibahatisha, nikakosea, mtoto huyu kesho hatufiki naye."

"Nimeshasema, daktari. Hakuna."

Frida alisimama karibu na kitanda. Alisikia pumzi za mdogo wake, fupifupi. Alijaribu kutafuta neno dogo, neno laini ambalo lingemwambia daktari bila kumkasirisha baba. Alilitafuta kati ya yale yote aliyoyasikia maishani mwake. Hakulipata.

"Ng'ombe wetu alikufa Jumatatu," alisema. "Alitoka damu puani. Baba na baba mdogo walimchuna. Wote tulikula, na Abeli alikula ini likiwa halijaiva. Baba ana kidonda mkononi. Ameficha mkono mfukoni."

"Frida!"

Mazengo alimgeukia, na Frida akakinga uso kwa mikono. Kofi halikuja. Mama alikuwa amesimama katikati yao.

"Usimguse," mama alisema. "Mtoto amesema kweli, Baba Frida. Aliyepaswa kuisema ni mimi, nikanyamaza."

Gladness alikuwa ameshafungua kabati la dawa, anavunja kichupa, anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Alipomaliza kumchoma Abeli na kumtundikia dripu, alimwendea Mazengo.

"Nipe mkono wako."

Mazengo alitoa mkono mfukoni taratibu. Kidole kilikuwa kimevimba mpaka kwenye kiganja, na katikati ya uvimbe palikuwa na kidonda cheusi tii, kama kipande cha mkaa kilichopachikwa kwenye nyama.

"Kinauma?"

"Hapana."

"Ndivyo kilivyo. Hakiumi, ndiyo maana watu wanakidharau." Alichukua simu akaita gari la wagonjwa kutoka wilayani, akampigia Khamisi. Kisha akauliza, "Nani mwingine alishika au alikula nyama hiyo? Mtajeni kila mtu."

"Mdogo wangu Elisha," Mazengo alisema. "Yuko Dodoma mjini, Ipagala. Aliondoka na nyama, zawadi kwa wenzake wa chumbani."

"Mpigie."

Alipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Mara ya tatu ilipokelewa na sauti asiyoijua, na daktari akamwambia aweke sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mimi naishi naye chumba kimoja," sauti ilisema. "Elisha tumemleta hospitali leo asubuhi, ana hali mbaya. Jana alinunua dawa za tumbo dukani, hazikusaidia kitu. Sasa anatapika damu. Madaktari wanamuuliza amekula nini, anasema maharage. Wamemuuliza kama kuna mfugo umekufa kwao, anasema hakuna, ng'ombe yuko Kongwa."

Mazengo aliisogeza simu mdomoni.

"Mpe simu niongee naye!"

"Hawezi kuongea tena, kaka."

Gladness alimnyang'anya simu. "Sikiliza kijana. Mfuate daktari aliye karibu nawe, sasa hivi, mwambie neno moja: kimeta. Au mpe simu, nitamwambia mwenyewe. Na ninyi, ile nyama aliyowaletea mliila?"

"Tuliila wote wawili."

"Basi msitoke hapo hospitalini kabla hamjaonwa."

Elisha alifariki Ijumaa saa tisa alasiri. Madaktari walikuwa wamemwanzishia dawa dakika ileile walipopata habari, lakini ugonjwa ulikuwa umeshamwenea. Alikuwa amepatana na kaka yake kwamba hawatasema, na ahadi hiyo aliishika mpaka aliposhindwa kusema lolote. Wenzake wawili wa Ipagala walipewa dawa mapema, wakapona. Frida na mama yake nao walipewa vidonge vya kumeza kwa siku nyingi, ingawa hawakuwa wameugua.

Maziko yalifanyika Jumapili kwa haraka, yakisimamiwa na watu wa afya waliovaa glavu na barakoa. Jeneza halikufunguliwa. Waombolezaji walisimama mbali, na wanawake walilia wakiwa wamejishika wenyewe. Mazengo, mkono wake umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, aliruhusiwa kutoka hospitali kwa saa chache tu. Alisimama peke yake. Hakuna aliyemsogelea, naye hakumsogelea mtu.

Baada ya maziko Mwalimu Mwanahawa alifika nyumbani kutoa pole. Alimkuta Frida ameketi nyuma ya nyumba, mahali palipoanikwa ngozi ya Madoa. Ngozi ilikuwa imeshateketezwa na Khamisi, pamoja na mabaki yote ya nyama, na ardhi ya pale na ya zizini ilikuwa nyeupe kwa chokaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana." Aliketi kando yake.

Maneno yakamtoka Frida yote kwa pamoja. "Siku ile uliponisimamisha, nilikuwa na sentensi nyingine. Sikuisema. Ilikuwa Jumatatu. Ningeisema, baba mdogo alikuwa bado hapa nyumbani, haumwi. Nimehesabu, Mwalimu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mimi ndiye niliyemuua."

Mwalimu hakukimbilia kumkanusha. Alimshika mkono.

"Sitakwambia kwamba siku tatu zile hazikuwa kitu, maana hutaniamini," alisema. "Ungesema Jumatatu, huenda mambo yangekuwa mengine. Hilo ni kweli, na litakuuma. Lakini amri ile waliivunja watu wazima wawili waliokuwa wanaijua. Kisha wakakutwisha wewe, mtoto wa miaka kumi na miwili, kazi ya kuificha. Hata mimi niliuona ukurasa wako mtupu, nikahisi kuna jambo, nikapita. Mzigo huu una wenyewe wengi, Frida. Usiubebe peke yako. Tena kumbuka Alhamisi ulifanya jambo ambalo watu wazima wawili, wamesimama kando ya kitanda cha mtoto wao, hawakuliweza."

Frida alilia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Mwalimu aliketi naye mpaka alipomaliza.

Wiki iliyofuata mkutano wa kijiji uliitishwa tena. Mazengo alipewa nafasi ya kusema. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya watu walewale, akakohoa.

"Ndugu zangu," alianza, "ninyi wote mnajua yaliyonipata. Ulikuwa wakati wa njaa. Shetani alinipitia, nikateleza..."

Frida, aliyekuwa amekaa na mama yake, alimwona baba akitazama chini, akitikisa kichwa.

"Hapana. Niruhusuni nianze upya. Shetani hakuwepo. Tulikuwepo mimi na mdogo wangu, na kisu. Amri niliisikia hapahapa, na mkono huu niliunyoosha kuikubali. Siku ya nne nikaikiuka huku nikijua. Simu ya bwana mifugo ilikuwa mfukoni mwangu, sikuipiga. Nikamfundisha mwanangu kusema uongo, nikapatana na mdogo wangu aseme uongo, naye akafa nao mdomoni. Hayo ndiyo niliyofanya."

Aliketi. Kisha mwanamke mmoja aitwaye Lydia, mjane wa kitongoji cha jirani, akasimama polepole akishika ncha za khanga yake.

"Kwangu alikufa mbuzi juzi," alisema. "Nyama ipo, nimeianika. Hatujaila bado." Akamtazama Khamisi. "Njoo uichukue. Usikawie, nimewaacha wajukuu nyumbani."

Khamisi aliwasha pikipiki palepale. Kabla mkutano haujafungwa, familia nyingine moja ilikuwa imejitaja. Nyama yote iliteketezwa siku ileile, na watoto wa nyumba zile wakapelekwa kwa Gladness. Siku mbili baadaye chanjo ikafika, mifugo ikapangwa foleni kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na baada ya hapo kimeta hakikuua tena Ilolela. Serikali ya kijiji ilimpa Mazengo adhabu ya kuchimba na kuzungushia uzio shimo la kuteketezea mizoga. Aliitumikia yote mkono ulipopona, bila kuomba apunguziwe.

Abeli alikaa hospitali ya wilaya siku kumi na tisa. Siku ya kumtoa, baba yake alimbeba mgongoni kutoka wodini, naye mtoto alikuwa mwepesi kuliko alipokuwa na miaka mitatu. Mama alishika mfuko wa dawa, Frida akabeba viatu. Walipofika getini Abeli aliinua kichwa begani kwa baba.

"Baba mdogo atakuja lini?"

Wote wakasimama. Hospitalini hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Baba yako mdogo amesaf..." mama alianza.

"Mama Frida, acha," Mazengo alisema. Alimshusha mtoto, akachuchumaa mbele yake kando ya barabara, pikipiki zikipita. "Baba mdogo amekufa, Abeli. Hatakuja tena. Alikula nyama ya ng'ombe tuliyekatazwa kumla. Mimi nilijua tumekatazwa, na mimi ndiye niliyempasua."

Abeli alimtazama, akaanza kulia. Baba alimkumbatia kwa mkono mmoja mzima na mwingine wenye kovu. Kisha akainua macho kwa Frida.

"Nawe unisikie, mwanangu. Niliposema tunafumba jicho tu, uliniambia palepale kwamba ni kuvunja amri. Ulikuwa sahihi, nami nikakunyamazisha. Siku nyingine, mimi au mtu mzima mwingine yeyote akikutaka ufiche jambo linaloweza kumdhuru mtu, usinyamaze. Sema, na mtafute wa kukusikiliza mpaka umpate. Nitakufokea, huenda. Hasira zangu zitakwisha siku hiyohiyo. Elisha nimemtafutia njia ya kumrudisha kila usiku, na hakuna."

Frida alipiga magoti kwenye vumbi, akamvisha mdogo wake viatu, kimoja kimoja, nao wakaanza safari ya kwenda nyumbani.